Duka la Vitabu Linaloendeshwa na Msomaji: Tathmini Kutoka Kampala

Kwa maoni yangu, duka la vitabu hupimwa kwa kile ambacho mwenyewe amethubutu kukiagiza bila kuwa na hakika kwamba kitanunuliwa. Vitabu vya kiada havithibitishi lolote, kwa kuwa wanunuzi wake wameshapangwa na mtaala. Biblia na Kurani zina watu wake siku zote. Na vitabu vya kufundisha namna ya kutajirika hununuliwa hata dirishani mwa teksi, magari yakiwa yamekwama kwenye foleni. Lakini mtu anapotoa fedha zake mwenyewe, zisizo za mwajiri wala za mchapishaji, akaleta Kampala nakala nne za diwani ya mashairi ya Kiswahili, huku akijua kwamba huenda zikakaa rafuni mwaka mzima, hapo ndipo thamani ya duka linalojitegemea inapoonekana wazi. Nimelitembelea duka la aina hiyo kwa muda mrefu sasa, na ninaona linastahili kuandikiwa tathmini ya kina, yenye sifa zake na kasoro zake.

Duka lenyewe liko katika mitaa iliyo chini ya kilima cha Makerere, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lililojaa vibanda vya fotokopi, washonaji na mafundi wa simu. Silitaji kwa jina kwa sababu mwenye duka aliniomba nisilitaje. Ana chumba kimoja tu na msaidizi mmoja, na hataki kuahidi kwa umma huduma ambayo huenda akashindwa kuitimiza. Ni mama wa makamo aliyefundisha sekondari kabla ya kuingia katika biashara hii, na wateja wake, wakubwa kwa wadogo, bado wanamwita Mwalimu.

Chumba hakizidi ukubwa wa sebule ya kawaida. Rafu za mbao zimefika hadi darini, na katikati kuna meza ndefu iliyopangwa vitabu vilivyowasili karibuni, majalada yakitazama juu. Jambo la kwanza linalomvutia mgeni ni mpangilio, kwa maana vitabu havikupangwa kwa lugha. Riwaya ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam imekaa bega kwa bega na riwaya ya Kiingereza iliyochapishwa Kampala, na hadithi za Kiluganda zimechanganywa na za Kiacholi na za Kinyankole. Nilipomuuliza sababu, Mwalimu alijibu kwamba mteja akiona rafu iliyoandikwa Kiswahili hupita mbali nayo, akidhani ni ya watoto wa shule wanaojiandaa kwa mtihani, ilhali akikikuta kitabu cha Kiswahili katikati ya vitabu anavyovipenda atakifungua japo kwa udadisi. Nimewaona wateja wakifanya hivyo hasa, mmoja akisoma kurasa mbili tatu akiwa amesimama, akitafuta kiti, kisha akiuliza bei.

Katika duka moja kubwa la mjini, ambalo sitalitaja, niliwahi kuulizia riwaya ya Kiswahili nikapelekwa moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu vya sarufi vya kidato cha kwanza. Mhudumu alikuwa na adabu na alitaka kunisaidia kwa dhati, ila hakuwa ameambiwa na yeyote kwamba kuna mtu mzima anayesoma Kiswahili kwa kujifurahisha. Kwa Mwalimu swali kama hilo huzaa mazungumzo. Atataka kujua umesoma nini mwisho, kama unapenda hadithi ndefu au fupi, kama ushairi wa arudhi, wenye vina na mizani, unakupendeza au unakuchosha, na kama lugha ya Pwani itakusumbua. Baada ya hapo atakuletea vitabu viwili, akuambie kipi angekianza yeye, na akuache usome. Hasukumi. Nimewahi kumsikia akimwambia kijana mmoja wa chuo, "Hiki usikinunue sasa, mwanangu, kitakukatisha tamaa, anza na hiki chembamba, ukikimaliza njoo tuzungumze." Kitabu alichomzuilia ndicho kilichokuwa na bei ya juu zaidi.

Uwezo huo wa kushauri hauwezi kuwepo pasipo muuzaji kusoma, na muuzaji hawezi kusoma kila kitu akiwa na maelfu ya vitabu. Kwa hiyo udogo wa duka, ambao wengi huuona kuwa upungufu, ndio unaomwezesha Mwalimu kuijua mali yake. Katika ziara zangu sijawahi kumtajia kitabu kilichomo dukani mwake akashindwa kunieleza kinahusu nini.

Kuna pia daftari. Liko juu ya meza ya malipo, ni kubwa, lina jalada gumu jeusi, na kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mteja, kitabu anachokitaka, namba ya simu, na safu ya mwisho iliyoachwa wazi. Mteja akikosa kitabu, ombi lake huandikwa humo, na kitabu kinapofika mstari wote hukatwa kwa wino mwekundu na mteja hupigiwa simu siku hiyohiyo. Mistari mingine imekaa miezi bila kukatwa. Mwalimu anaijua hata hiyo, na ukimtajia mojawapo atakueleza kitabu kimekwama wapi: kimeisha kwa mchapishaji, au mtu aliyeahidi kukileta kutoka Nairobi hajasafiri, au bei imepanda naye anasubiri mteja akubali. Zipo programu za kompyuta zinazofanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, lakini mimi kama mteja ninachokitaka ni kukumbukwa, na kwa daftari hilo nimekumbukwa kila mara.

Ili msomaji aelewe kwa nini huduma hii ni adimu, ni vizuri aelewe jinsi vitabu vya Kiswahili vinavyofika Uganda. Wachapishaji wakubwa wa Kiswahili wako Nairobi na Dar es Salaam, na macho yao yako kwenye mitaala ya nchi zao. Riwaya au diwani isiyoteuliwa kusomwa shuleni huchapishwa kwa nakala chache hata huko kwao, sembuse kupelekwa Kampala kwa hesabu ya mchapishaji. Hivyo muuzaji mdogo hulazimika kujiendea. Vifurushi vya Mwalimu huja kwa basi, vya Nairobi vikipitia Busia au Malaba, na vya Dar es Salaam vikizunguka ziwa hadi Mutukula. Nauli ya mzigo huwa juu yake, na hasara ya nakala iliyolowa au kukunjika njiani huwa juu yake vilevile. Wachapishaji wa Kampala humpa baadhi ya vitabu kwa mali kauli, akalipa baada ya kuuza na kurudisha visivyouzika, lakini kilichovuka mpaka hakirudi. Kila kitabu cha Kiswahili unachokiona kwenye rafu yake kimeshalipiwa taslimu.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Kwenye kona ya vitabu vilivyotumika, ambako bei ni nafuu na mpangilio ni wa bahati nasibu, nilikuta kijitabu cha Kiswahili cha East African Literature Bureau, taasisi ya uchapishaji iliyoanzishwa katika miaka ya 1940 kuhudumia nchi zetu. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai na pini za chuma zimeota kutu, lakini ukurasa wa jina bado unasomeka vizuri, na chini yake miji mitatu imechapwa kwa mstari mmoja: Nairobi, Kampala, Dar es Salaam. Wakati huo kitabu kimoja kilikuwa na anwani katika miji yote mitatu. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 taasisi hiyo nayo ilivunjika, na ingawa mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha mwaka 1999, vitabu havijapata tena njia nyepesi kama ile. Nilikinunua kijitabu hicho kwa bei ndogo mno, na ninakihesabu miongoni mwa vitu vya thamani nilivyonavyo.

Mtaa huu una kila haki ya kuwa na duka la namna hii. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922. Mwezi Juni mwaka 1962 waandishi kutoka pande nyingi za Afrika walikutana hapo kuijadili fasihi yao. Na mwaka mmoja kabla ya mkutano huo jarida la Transition lilikuwa limezaliwa Kampala likiongozwa na Rajat Neogy. Mji uliokuwa na historia hiyo sasa umejaa mashine za fotokopi ambazo wanafunzi huzitumia kunakili vitabu vizima, kwa sababu nakala halisi ni ghali au haipatikani. Siwalaumu wanafunzi. Ninachosema ni kwamba mwandishi hapati hata senti katika fotokopi, na kwamba duka linalouza kitabu halisi ghorofa moja juu ya mashine hizo linafanya kazi ngumu ambayo taifa linaihitaji.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, sera imekwenda mbele kuliko rafu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo umewafanya wauzaji wengi waagize vitabu vya kiada, na ni jambo jema, lakini mtoto anayefundishwa lugha kwa kitabu cha kiada peke yake, bila hadithi ya kumkosesha usingizi, hujifunza kujibu maswali tu. Isitoshe, kwa watu wazima wengi wa hapa, hasa wa kusini na katikati ya nchi, Kiswahili bado kinakumbusha vizuizi vya barabarani na sauti za wanajeshi wa miaka ya 1970, wakati ambapo Idi Amin alikitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa. Mwalimu analijua hilo kuliko mimi, maana amelisikia midomoni mwa wateja. Mzee mmoja alimwambia waziwazi kwamba lugha hiyo hataki kuisikia ndani ya nyumba yake. Hakubishana naye. Alimsomea ubeti mmoja wa utenzi, polepole, kisha akaendelea kumhudumia kwa kitabu cha Kiluganda alichokifuata. Mzee hakununua utenzi huo, ila aliuliza umeandikwa na nani.

Sasa nigeukie kasoro, maana zipo, na baadhi zinaudhi. Bei hazikuandikwa kwenye vitabu vingi, hivyo mteja mwenye haya huondoka bila kuuliza. Riwaya mpya ya Kiswahili nimeinunua hapo kwa shilingi 30,000, na wakati mwingine kwa shilingi 35,000, kiasi ambacho kwa mwanafunzi ni kikubwa na kilipaswa kujulikana kabla ya kukipenda kitabu. Mahali bei ilipoandikwa, imebandikwa kwa karatasi yenye gundi kali, na ukiibandua huondoka na ngozi ya jalada. Mwanga ni hafifu kwenye rafu za chini, na umeme ukikatika alasiri ya mvua ni lazima utumie tochi ya simu. Vitabu vya Kiswahili vya watoto wadogo, vyenye picha nzuri na maneno machache, karibu havipo kabisa, na hili ndilo pengo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mzazi anayetaka kumzoeza mtoto wake lugha kabla ya shule hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu anaeleza kwamba vitabu vya picha ni vizito kusafirisha na huchafuka haraka kwa kushikwashikwa. Ninauelewa ugumu huo, lakini namsihi aagize japo vichache.

Tatizo jingine ni majira. Mwezi wa Januari unapomalizika na shule zikikaribia kufunguliwa, duka hugeuka kabisa. Meza ya katikati hufunikwa na madaftari, jiometri na vitabu vya mazoezi, wazazi hujaa hadi ngazini wakiwa na orodha walizopewa na shule, na mazungumzo ya fasihi husimama. Wiki hizo chache ndizo zinazolipa kodi ya pango kwa sehemu kubwa ya mwaka, na bila hizo mashairi yasingekuwa na rafu ya kukaa. Anayetaka ushauri wa kitabu asije wakati huo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba Kampala ina mahali pengine pa kununulia vitabu, na kila mahali pana nguvu zake. Aristoc, katika Barabara ya Kampala, ni duka ambalo msomaji wa Kiingereza hana budi kulitembelea, na wingi wa vitabu vyake duka la Mwalimu haliwezi kuukaribia. Uganda Bookshop, lenye uhusiano wa siku nyingi na Kanisa la Uganda, limewahudumia waumini na shule kwa vizazi. Kamwokya wako FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ambacho huchapisha na kuuza vitabu vya wanachama wake na kuwakutanisha waandishi chipukizi. Anayetaka kazi za wanawake wa Uganda aanzie huko. Na wapo wachuuzi wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya njia, ambao kwa shilingi elfu chache wanaweza kukupa kitabu ambacho umekitafuta tangu ujana. Duka la Mwalimu halishindani na yeyote kati ya hao kwa ukubwa au kwa unafuu. Linachoweza kulifanya kuliko wote ni kumtafutia msomaji wa Kiswahili kitabu ambacho hakujua kwamba kipo.

Wasomaji waliofika Nairobi au Dar es Salaam watalielewa hili upesi. Nairobi kuna Prestige katika mtaa wa Mama Ngina, na Dar es Salaam kuna duka la TPH (Tanzania Publishing House) katika barabara ya Samora, ambako unaweza kuzungukwa na vitabu vya Kiswahili vya watu wazima, vya siasa, historia, ushairi na riwaya, bila mtu kukuuliza kama ni vya shule. Msomaji wa Kampala hana anasa hiyo karibu naye. Kununua kwa intaneti si jawabu kamili, maana vitabu vingi vya Kiswahili bado havina toleo la kidijitali, na gharama ya kukisafirisha kitabu kimoja peke yake huweza kukaribia bei ya kitabu chenyewe. Muuzaji anayekusanya maombi ya watu wengi katika daftari moja na kuyatuma kwa kifurushi kimoja anaigawanya gharama hiyo, na kila mmoja wetu hulipa sehemu ndogo.

Jambo la mwisho la kusifu ni watu. Katika chumba kile nimekutana na dereva wa lori la masafa marefu kutoka Busia anayesoma riwaya za upelelezi usiku akisubiri mzigo, na mwalimu wa Kiswahili kutoka upande wa Arua aliyesafiri usiku kucha kutafuta kamusi ya kufundishia. Yule mwalimu alipotaja anachokitaka, Mwalimu alimletea Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, pamoja na kamusi ndogo yenye bei nafuu, akazifungua zote mbili kwenye neno moja, na kumwacha alinganishe fasili. Mgeni alichukua ndogo kwa ajili ya darasa na kuomba kubwa iandikwe kwenye daftari kwa jina la shule yake, ikalipiwe muhula ujao. Mwalimu alikubali bila kudai rehani, akamwandikia risiti kwa mkono, na kumfungia kitabu kwa gazeti kuukuu na uzi wa katani.

Mwenye kutaka kwenda anaweza kuwauliza watu wa fotokopi chini ya jengo, nao watamwonyesha ngazi. Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumapili. Jumamosi mchana ndipo Mwalimu anapokuwa na nafasi ya kuzungumza. Malipo ya simu hupokelewa, na vitabu vilivyotumika hununuliwa pia, alimradi visiwe na kurasa zilizochanika. Anayehitaji kitabu kutoka nje ya nchi aandikishe ombi lake mapema na aache nusu ya bei, kisha awe na subira ya wiki mbili hadi nne kulingana na safari za mabasi. Na mwenye vitabu vya Kiswahili vya watoto nyumbani, ambavyo wanawe wameshavipita umri, avipeleke. Vitanunuliwa siku hiyohiyo.